Njia ya Tonge: Kutibu Umio kwa Endoskopia Bila Kisu

Hotuba kwa matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, matabibu na wauguzi wenzangu mliotoka visiwani na nchi kavu,

Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi kwa kunipanga kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu ninalotaka kulizungumzia ni tonge: njia linalopita kutoka kinywani hadi tumboni, mambo yanayoiziba au kuipasua njia hiyo, na namna ambavyo leo tunaweza kuitengeneza bila kumpasua mtu kifua wala tumbo.

Umio wa mtu mzima ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25. Hausagi chakula, haufyonzi kitu, haumwagi homoni. Unapitisha tu, na nadhani ndiyo sababu hata sisi wataalamu tumeudharau. Anayeumwa tumbo ana maneno ya kutosha ya kujieleza, lakini anayeshindwa kumeza hana neno moja analokubaliana na mwenzake. Mmoja husema ana koo, mwingine ana kifua, mwingine hugonga mfupa wa kidari kwa kidole na kusema kwamba chakula kinasimama hapa. Kwa kuwa neno linalotangulia mara nyingi ni koo, wako wanaoanzia kwa mkata vimeo. Nimewahi kumpokea mtu mzima aliyekwisha kukatwa kimeo, naye uvimbe wake ulikuwa sentimita 30 kutoka kwenye meno, mahali ambapo wembe wa mkata vimeo haufiki hata kwa ndoto.

Endoskopia, ambayo wagonjwa wetu wanaiita kipimo cha kumeza mpira, ilianza kama jicho tu. Mwaka 1868, mjini Freiburg nchini Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alimtumia mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza panga, akampitishia bomba lililonyooka lenye urefu wa sentimita 47 na upana wa milimita 13. Alichokiona kilikuwa haba kwa kuwa taa yake ilikuwa hafifu, lakini alithibitisha kwamba njia inapitika. Ilipita karibu miaka 90 kabla bomba hilo halijakubali kupinda vizuri: mwaka 1957 Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan nchini Marekani, aliumeza yeye mwenyewe mpira uliotengenezwa kwa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, na siku chache baadaye akautumia kwa mgonjwa.

Mpira tunaoutumia siku hizi una unene wa milimita 9 au 10, kamera na taa kwenye ncha yake, na ndani yake mfereji wenye upana wa milimita 2.8 hivi. Huo mfereji ndio hotuba yangu yote. Kamera inatuonyesha, lakini ni kupitia mfereji huo kwamba tunapitisha koleo la kuchukulia kinyama, sindano, waya, puto na kisu chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, na hivyo jicho likapata mkono.

Naanza na damu, kwa sababu tuko pembezoni mwa Ziwa Victoria. Minyoo ya kichocho cha matumbo huishi ndani ya mishipa ya damu inayouzunguka utumbo. Mayai yasiyotoka na choo husombwa na damu hadi kwenye ini, hunasa humo, na mwili huyazungushia kovu. Baada ya miaka mingi makovu hayo huyabana matawi ya mshipa mkubwa unaoleta damu ya tumboni kwenye ini, na damu iliyokosa barabara hutafuta vichochoro. Kichochoro kimojawapo ni mishipa myembamba iliyo chini ya utando wa sehemu ya chini ya umio, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Huvimba, hujisokota, ngozi yake hukonda, na siku moja hupasuka. Ndipo mnapoletewa alfajiri mvuvi wa miaka 35, ambaye pengine hajawahi kuonja pombe, ametapika damu beseni zima, na wengu wake mnaugusa hadi kwenye kitovu.

Kuna tofauti moja ninayoomba tuitilie maanani. Mgonjwa ambaye ini lake limesinyaa kwa pombe au kwa virusi vya homa ya ini, anapovuja damu, ini lenyewe huwa limekwisha kuchoka, kwa hiyo hata damu ikisimama anaweza kufa kwa kushindwa kwa ini. Mgonjwa wa kichocho mara nyingi seli zake za ini bado zinafanya kazi. Tatizo lake ni mabomba, wala si kiwanda. Akivushwa salama katika siku ile ya damu, na mishipa ile ikafungwa, anarudi ziwani na anaishi. Kwa hiyo mimi humhesabu mvuvi huyo kuwa miongoni mwa wagonjwa wanaofaidika na tiba kuliko wote wanaofika kwenye chumba changu, na huumia sana anapofia njiani.

Tunachomfanyia ni jambo ambalo mtoto anayejua kufunga mfuko kwa raba angelielewa. Kwenye ncha ya mpira tunavalisha kikombe kidogo cha plastiki kilichozungushiwa raba kadhaa. Tunaufikia mshipa uliovimba, tunaunyonya uingie ndani ya kikombe, tunaiachia raba moja, nayo huukaba mshipa kwenye shina. Kilichokabwa hukosa damu, hufa, na baada ya siku kadhaa hadi wiki moja hivi huanguka na kupita na chakula, kikiacha kidonda kidogo kinachopona kwa kovu. Njia hii iliasisiwa Marekani katika miaka ya 1980 na daktari wa upasuaji Greg Van Stiegmann na wenzake. Kabla yake tulikuwa tukichoma sindano za dawa ya kuikausha mishipa, ambazo ziliacha vidonda vikubwa na kuufanya umio kuwa mwembamba. Raba zimeonekana kuwa salama zaidi, na hilo halibishaniwi tena.

Awamu moja haitoshi. Tunarudia kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mishipa iishe, kisha tunaangalia tena kwa vipindi. Hapa ndipo tunapowapoteza. Mgonjwa akimaliza awamu ya kwanza hajisikii kuumwa tena, samaki wanamngoja, nauli ni ghali, na anatoweka mpaka siku atakapotapika tena. Ninyi mlio karibu na nyumbani kwake ndio mnaoweza kumkumbusha, na ninyi ndio mtakaomwendelezea propranolol, dawa ya kupunguza shinikizo ndani ya mishipa ile, mkimpima mapigo ya moyo na shinikizo la damu kila anapokuja. Praziquantel nayo apewe, ingawa mjue kwamba dawa hiyo huua minyoo, haifuti kovu lililokwisha kukomaa kwenye ini.

Katika usiku wa damu wenyewe, kabla hajafika kwetu, yako mambo mnayoyaweza. Mlazeni ubavu, mwekeeni njia mbili za dripu, chukueni damu ya kupima kundi, na kama mna ceftriaxone mpeni, kwa kuwa wagonjwa hawa hushambuliwa na bakteria na dawa hiyo huokoa maisha. Mkiongeza damu, lengo ni kuifikisha hemoglobini kati ya gramu 7 na 8 kwa desilita, isizidi. Najua mkono wa mwuguzi mwenye huruma unataka kuongeza chupa nyingine, lakini damu nyingi hupandisha shinikizo ndani ya ile mishipa na kuifumua upya. Kisha msafirisheni, kwa sababu tunapenda kumwingizia mpira ndani ya saa 12 baada ya hali yake kutulia.

Sasa nije kwenye saratani, na hapa nitakaa kidogo.

Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, watu wapatao 604,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya umio katika mwaka mmoja, na wapatao 544,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Ziwekeni namba hizo mbili ubavu kwa ubavu na mtaona jinsi zinavyokaribiana. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa maeneo yanayoumia zaidi. Mwaka 2002 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa kutoka Bomet, magharibi mwa Kenya, iliyoeleza kwamba saratani hii inawapata hata vijana. Sisi huku Mwanza hatukuhitaji kusafiri mbali ili kuamini. Tumbaku na pombe zimo katika lawama, na mwaka 2016 IARC iliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Si chai yenyewe inayolaumiwa, ni moto wake. Sisemi tuache chai. Nasema tuiache ipoe, na ninajua kwamba kwa baadhi ya wazee wetu hilo ni tusi.

Umio una tabia moja inayotudanganya: hutanuka. Uvimbe unaweza kukua ndani yake kwa miezi bila mwenyewe kuhisi, na anapoanza kulalamika kwamba nyama inakwama, njia imekwisha kuwa nyembamba, mara nyingi chini ya milimita 13. Baada ya nyama hukwama ugali, baada ya ugali wali, kisha ndizi zilizopondwa, kisha uji, na mwisho mate. Mgonjwa hubadilisha chakula kidogo kidogo na kila mara hujiambia amepata nafuu, kumbe ameshuka ngazi nyingine. Sisi nasi tunamsaidia kujidanganya. Mimi mwenyewe, nikiwa daktari kijana katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimpa mama mmoja omeprazole kwa miezi minne kwa sababu aliniambia ana kiungulia, na sikumwuliza hata siku moja anakula nini. Nilipomwuliza, alikuwa anakunywa uji kwa kijiko cha chai.

Wengi wanatufikia ugonjwa ukiwa umetapakaa, hawawezi kupasuliwa. Kwa hao tuna stenti. Ni bomba la wavu uliosukwa kwa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaokumbuka umbo lake: ukibanwa ndani ya ala nyembamba hutulia, ukiachiwa hujitanua wenyewe, na joto la mwili huusaidia. Sehemu ya katikati imefunikwa kwa utando ili uvimbe usipenye kwenye matundu ya wavu. Tunaingiza mpira, tunapima ukingo wa juu na wa chini wa uvimbe, tunapitisha waya hadi tumboni, tunauondoa mpira na kuuacha waya, kisha stenti inateleza juu ya waya ikiwa imefungwa ndani ya ala yake, ndefu kuliko uvimbe kwa takriban sentimita 2 kila upande, na tukiiachia inaanza kufunguka hapo hapo, ikiendelea kutanuka kwa siku moja au mbili.

Vitabu vingi vya nchi tajiri vinaeleza kazi hii ikifanywa chini ya mashine ya eksirei inayoonyesha picha ya moja kwa moja. Hospitali ya Tenwek, huko huko Bomet, imewawekea stenti mamia ya wagonjwa kwa endoskopia peke yake bila mashine hiyo, na mwaka 2009 ikachapisha matokeo yake katika The Lancet Oncology, wanachama wa fani hii ulimwenguni wakasoma. Ninaitaja kwa sababu imetoka kwa majirani zetu, na kwa sababu inavunja kisingizio. Muungano wa watafiti wa saratani ya umio barani Afrika, AfrECC, ulishirikiana na taasisi ya Clinton Health Access Initiative na kampuni ya Boston Scientific ili stenti zipatikane kwa bei iliyopunguzwa katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwamo. Bado kwa mkulima wa mahindi bei iliyopunguzwa ni bei, na maoni yangu ni kwamba stenti ingekuwa katika kila mfuko wa bima kabla ya vifaa vingine vinavyometameta zaidi.

Wako wenzetu wanaoibeza. Wanasema haiponyi, na ni kweli, haiponyi. Wanasema inaweza kuteleza kwenda tumboni, kuziba kwa chakula, kuuma kifua siku za mwanzo, kutoa damu, na ikivuka mlango wa tumbo humwacha mgonjwa akicheua asidi usiku. Yote hayo ni kweli pia, na ndiyo maana hatumwekei mtu ambaye daktari wa upasuaji bado ana matumaini naye, wala hatuiweki karibu mno na koo la juu ambako mtu angeihisi kila anapomeza. Lakini nimewahi kumwuliza mzee mmoja, aliyeletwa na wanawe akiwa ameshika kopo, angependa tumsaidie nini. Hakutaja kupona. Alisema angependa kumeza mate yake mwenyewe, ili aweze kuketi na watu barazani bila kopo. Siku ya tatu baada ya stenti alikula wali laini na mchuzi, na baraza aliketi. Alifariki miezi mitano baadaye, na wanawe walikuja kunishukuru, jambo ambalo wagonjwa niliowaponya kabisa hawalifanyi mara nyingi.

Akirudi kijijini mwenye stenti, mfundisheni hivi: ale ameketi, atafune sana, ateremshie na maji au soda kila baada ya matonge machache, aachane na minofu mikubwa ya nyama na vipande vya mkate mkavu, na kama stenti imefika kwenye mlango wa tumbo aunyanyue upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali, asilale kabla saa mbili au tatu hazijapita tangu ale. Ikiziba ghafla asilazimishe kwa tonge jingine; mrejesheni kwetu, kwa kuwa mara nyingi ni kipande cha nyama tunachokisukuma kwa mpira kwa dakika chache.

Nikitoka kwenye saratani, njia ya tonge huzibwa pia na makovu, na makovu mabaya kuliko yote ni ya watoto. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni inahifadhiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto wa miaka mitatu ana kiu, mengine mnayajua. Maji ya betri hufanya vivyo hivyo kwa watu wazima waliokata tamaa. Msimtapishe, kwa sababu kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na msimpitishie mrija wa puani bila kuona. Sisi tungependa kumwangalia kwa mpira ndani ya siku ya kwanza au ya pili, kwani baadaye, katika wiki ya kwanza na ya pili, ukuta wa umio huwa laini kama karatasi iliyolowa. Kovu likishajifunga, kuanzia wiki ya tatu hivi na kuendelea, tunaanza kulipanua kwa puto au kwa vipanuzi vya plastiki vinavyoteleza juu ya waya, kila siku ya matibabu tukipanda saizi chache tu, kwa kuwa pupa ya daktari ndiyo inayotoboa umio. Tunalenga milimita 14 au 15, upana unaotosha chakula cha kawaida cha nyumbani. Kwa baadhi ya watoto kazi hii huchukua miezi, kwa wengine miaka.

Betri za kitufe, zile bapa za rimoti na vichezeo, zina haraka yake. Ikikwama kwenye umio wa mtoto, umeme wake hutengeneza magadi makali kwenye ukuta, na saa 2 zinatosha kuunguza vibaya. Kwenye eksirei inafanana na sarafu, ila ukitazama ukingo utaona duara mbili, moja ndani ya nyingine. Kama mtoto amepita mwaka mmoja, hajapita saa 12 tangu ameze, na anaweza kumeza, mpeni asali mililita 10 kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Lakini msiifanye asali kuwa sababu ya kuchelewa. Kuhusu mwiba wa samaki, nanyi mnajua nitakalosema: lile tonge la ugali linalomezwa bila kutafunwa ili liuzoe mwiba huzamisha miiba mingi kuliko inayoshuka. Tumeitoa miiba ya sangara iliyosukumwa hadi karibu na mshipa mkuu wa moyo. Aliyemeza mwiba na bado anausikia aje akiwa na njaa.

Upo ugonjwa mwingine ambao si kovu wala uvimbe. Katika akalasia, mishipa ya fahamu ya umio hufa, misuli haisukumi tena, na mlango wa chini hukataa kulegea. Alama yake ni kwamba maji nayo hukwama tangu mwanzo, sawa na chakula, na mgonjwa huamka usiku mto wake umelowa wali wa jana. Mwingereza Thomas Willis alimweleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1674: alimtengenezea fimbo ya mfupa wa nyangumi yenye sifongo nchani, na mtu yule akawa anakisukuma chakula chake mwenyewe kwa miaka ipatayo 15. Mwaka 1913 Ernst Heller, nchini Ujerumani, alianza kuikata misuli ya mlango huo kwa upasuaji. Na mwaka 2008, mjini Yokohama, Haruhiro Inoue aliikata kwa kupitia ndani: mpira unatoboa tundu dogo kwenye utando, unachimba handaki kati ya utando na misuli hadi kwenye mlango wa tumbo, unaikata misuli ya mviringo ukiwa ndani ya handaki, kisha unatoka na tundu hufungwa kwa klipu. Njia hiyo inaitwa POEM. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika The New England Journal of Medicine ukiwa na wagonjwa 221 ulionyesha kwamba baada ya miaka 2 ilifanikiwa kwa asilimia 83, dhidi ya asilimia 81.7 kwa upasuaji wa Heller unaofanywa kwa matundu. Ila waliokutwa na michubuko ya asidi kwenye umio walikuwa asilimia 44 dhidi ya 29.

Ni kazi nzuri mno kuitazama, na kila daktari kijana anayekuja kwangu anataka kujifunza hiyo kwanza. Humwambia ajifunze raba na stenti. POEM inahitaji nusukaputi kamili, hewa ya kaboni dioksidi, mashine ya umeme ya kukatia yenye gharama kubwa, na mikono iliyokwisha kuifanya mara nyingi. Vituo vinavyoifanya Afrika Mashariki ni vichache. Kwa mwenye akalasia, puto la milimita 30, likifuatiwa na la 35 ikibidi, bado ni tiba ya heshima, mradi aambiwe kwamba kwa watu wachache huchana ukuta na kwamba huenda akalirudia.

Nimeacha mwisho jambo ambalo ningelipenda liwe kubwa kuliko yote, na bado ni dogo kwetu: kuikata saratani ikiwa bado haijawa na mizizi. Tukinyunyizia dawa ya iodini ya Lugol ndani ya umio, utando wenye afya hugeuka kahawia, kwa kuwa una akiba ya wanga, na sehemu iliyoanza kuharibika hubaki ya njano iliyopauka kama doa la mafuta kwenye kanga. Doa hilo tunaweza kulinyanyua kwa sindano ya maji ya chumvi na kulikata kupitia mpira, mgonjwa akarudi nyumbani baada ya siku chache na umio wake mzima. Wajapani ndio waliotufundisha. Huko Cixian nchini China, wakazi wa eneo lenye ugonjwa mwingi waliangaliwa mara moja tu kwa njia hii na kutibiwa waliokutwa na madoa, na matokeo ya miaka 10 yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kuliko katika vijiji vya jirani ambavyo havikupimwa. Mimi nimekwisha kukata madoa ya namna hiyo, lakini nikiwahesabu wagonjwa hao nahitaji vidole vya mkono mmoja, na wote tuliwakuta kwa bahati, walipokuja kwa jambo jingine.

Kwa hiyo naomba mnisaidie kwenye karatasi ya rufaa. Nyingi zinazonifikia zimeandikwa "maumivu ya koo" au "vidonda vya tumbo", na hazinisaidii kujua nani aitwe kesho na nani asubiri mwezi ujao. Andikeni mambo matatu: chakula gani kilianza kukwama, kilianza lini, na leo anaweza kumeza nini. Karatasi inayosema "nyama tangu Machi, ugali tangu Mei, sasa uji tu, amepungua kilo 9" haihitaji cheo cha aliyeiandika. Mgonjwa huyo nitamwita wiki hiyo hiyo. Mtu yeyote mwenye umri wowote anayesema chakula kinakwama, msimpe dawa ya kiungulia mkamwambia arudi baada ya mwezi. Mpeni dawa mkitaka, ila mkononi awe na rufaa.

Nimeweka vifaa kwenye meza ile ya nyuma: kikombe chenye raba, puto, vipanuzi, na stenti moja iliyokwisha muda wake ambayo mnaweza kuibana na kuiachia kwa mikono yenu. Dada yetu wa chumba cha endoskopia atawaonyesha namna ya kuivuta ala. Ibaneni kwa nguvu, hailalamiki, kisha twende tukale.